Neno Acha na Mguu wa Mjomba Wako

Ipo siku moja, mwanangu Nyamizi, ambayo nikiikumbuka vidole vyangu hujikunja vyenyewe kama vimeshika kamba. Sijawahi kukusimulia. Imenirudia jana, ulipokuwa unachechemea uani kumwigiza mjomba wako Masanja, wenzako wakacheka, na mimi nikanyamaza badala ya kukukanya. Najua nasaha ni za wenye mvi, na mimi mvi sina. Lakini jambo hili ni langu, hakuna mzee atakayekuambia kwa niaba yangu.

Ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa nachimba dhahabu upande wa Magamba, kwenye mashimo yale tunayoyaita maduara. Udongo ulikuwa unabomoka mara kwa mara, na mtu akifukiwa tulimtoa kwa kubahatisha tu. Kila mmoja anapiga kelele, kila mmoja anavuta. Basi watu wa zimamoto wakaja kutufundisha uokoaji wa mashimoni. Wachimbaji wanane tukachaguliwa, mimi mmojawapo. Na Masanja pia, ingawa alikuwa na miezi miwili tu mgodini. Kabla ya hapo alikuwa kwao Usevya, analima mpunga na kuswaga ng'ombe wa baba yake. Mimi na mama yako tulikuwa tumechumbiana, kwa hiyo mimi na Masanja tayari tulikuwa tunaitana shemeji.

Mwalimu wetu alikuwa Afande Zawadi, mama mfupi asiyepandisha sauti. Siku ya kwanza alituambia kwamba kwenye kamba kuna maneno matatu tu. Shusha. Simama. Pandisha. Halafu akasema, "Neno acha sitaki kulisikia. Hapa halipo. Mmeelewa?"

Tukaitikia wote, "Ndiyo, afande!"

Mimi sikuelewa. Nilijiuliza, acha lina kosa gani? Ni neno la kila siku, hata mtoto analijua. Nilitaka kunyoosha mkono. Lakini mbele yangu alikaa kijana mmoja aliyefika kidato cha nne, na asubuhi ile alikuwa amemcheka mwenzetu kwa kuuliza kofia ya chuma inavaliwa upande gani. Mimi niliishia darasa la saba. Mkono wangu ukabaki mapajani.

Mchana, tukila ugali, Masanja akanisogelea. "Shemeji, kwani acha wamelikataza kwa nini?"

Nilipaswa kumwambia hata mimi sijui. Twende tukamuulize pamoja. Ningesema hivyo, habari ingeishia pale. Lakini yeye aliniona mimi ni mwenyeji wa mgodi, na mimi nilipenda kuonekana hivyo. Nikamjibu, "Ah, mambo yao tu hayo. Kula."

Akacheka, akala.

Kesho yake tukaenda kwenye duara la zamani lililoachwa. Chini walikuwa wameweka gunia la mchanga lililovalishwa ovaroli, ndiye majeruhi wetu. Tulimwita Mzee Kiroba. Masanja ndiye wa kushuka kumchukua, na mimi ndiye wa kumshusha. Kamba ilipita kwenye chuma cha kuizuia, mwisho wake mikononi mwangu. Ilikuwepo kamba ya pili ya akiba, ameishika askari mwingine. Afande Zawadi alisimama mdomoni mwa shimo.

"Shemeji, nishike vizuri," Masanja akasema akiwa ananing'inia. "Nikifa dada yangu humpati!"

Watu wakacheka. Nikamshusha.

Alipofika katikati, mguu wake ukapenya kati ya magogo mawili yanayozuia kuta, ukakwama. Mwili unaendelea kushuka, mguu umebaki. Sisi juu hatukuona. Tulichosikia ni sauti yake tu, "Acha! Acha!"

Sasa nisikilize hapa, maana mpaka leo kichwa changu kinazunguka. Mtu anayeswaga ng'ombe, mwenzake akimvuta dume vibaya, humpigia kelele acha, yaani simama, usiendelee. Ndicho alichotaka Masanja. Lakini sisi mgodini tukishusha ndoo, ikifika chini aliyeko shimoni husema acha, yaani legeza kamba, niifungue ndoo. Nimelisikia acha hilo miaka mingi. Kichwa kilisema simama. Kikasema tena, achia. Kikasema subiri, sijui anataka lipi. Mikono haikusubiri. Mikono ikaachia.

Kamba ya akiba ilimdaka hapo hapo, hata hakwenda mbali. Lakini mguu ulikuwa bado kwenye magogo. Nilisikia kishindo kidogo, kisha Masanja akalia kwa sauti ambayo sikujua kama mtu mzima anayo.

Nikabaki nimetazama viganja vyangu. Watu wanakimbia, mimi sijui hata niende wapi. Afande akanijia. Nilidhani atanipiga.

"Jana uliponiambia umeelewa, ulielewa?"

"Hapana, afande."

"Sasa mbona uliitikia?"

Hakungoja jibu. Alijifunga kamba kiunoni ashuke mwenyewe, kisha akaniambia, "Shika."

Nikasema, "Afande, mimi tena?"

"Wewe. Hao wengine nao waliitikia ndiyo, na sijui nani alielewa. Wewe nina hakika sasa umeelewa. Shusha."

Nikashusha. "Simama," akasema, nikasimamisha. Kila neno lilinifikia likiwa na maana moja tu. Nilikuwa nalia, lakini sikukosea. Alipoutoa mguu na kumfunga Masanja kwenye kamba yake, sauti ikaja, "Pandisha," nikavuta pamoja na wenzangu mpaka nikaiona kofia yake.

Masanja alikuwa amejaa udongo, midomo imekauka. Akanitazama. "We shemeji," akasema, "dada tumekupa. Na kaka unamtaka wa nini?"

Alicheka peke yake. Mguu ulipona, lakini haukunyooka tena.

Wewe umekua ukiambiwa aliangushwa na ng'ombe. Habari hiyo aliibuni yeye, siku ile ile, kabla hajafika kwao. Niliwahi kumuuliza mbona alilificha kosa langu. Akanijibu kwamba dada yake angekataa kuolewa na mimi. Sijui kama hiyo ndiyo sababu yote. Sijui kama alinisamehe au alivumilia tu. Nimekaa na swali hilo miaka yote hii, nikamfanyia tena kosa lile lile: hilo sikumuuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, ninalotaka ulishike ni hili. Mtu akikuuliza kama umeelewa, na wewe hujaelewa, sema hujaelewa, hata darasa zima licheke. Kicheko huisha kabla ya kengele ya kutoka. Na mtu akikuuliza jambo usilolijua, usimjibu ili uonekane mkubwa, maana yeye atalibeba jibu lako na kushuka nalo asikokuona.

Mungu akupe mdomo mwepesi wa kuuliza na mikono isiyotangulia kichwa. Akukuze, akuweke karibu na watu watakaokushikia kamba.

Leo jioni mjomba wako anakuja. Mwamkie, mletee kiti kile cha mgongo, mguu usimuume. Kisha muulize habari ya ng'ombe. Nitakuwa nimekaa hapo hapo. Akianza kusimulia, safari hii nitamwambia neno moja, na atalielewa: acha.