Nesi Anayemsubiri Mtoto Mmoja

Saa mbili asubuhi Jumatano, nesi anapanga chupa za chanjo kwenye kisanduku chenye barafu, kisha anainua macho. Benchini wamekaa akina mama kumi na wanane. Anawapitia mmoja mmoja. Anayemtaka hayumo.

"Kila siku ya kliniki namtafuta yeye kwanza," anasema. "Mungu ananiona."

Amechanja watoto miaka ishirini na miwili. Mtaani wanamwita Bibi Sindano, na watoto wakimwona hushika mapaja yao wakakimbia. Lakini yupo mmoja ambaye hajamgusa kwa miezi saba, mtoto wa mshona nguo wa mtaa wa nyuma.

Siku ya mwisho kufika kliniki, mama huyo alileta kadi ya mtoto iliyolowa mvua, maandishi yote yamevuja. Nesi alikuwa amechoka. Akaiinua kadi juu, watu waione.

"Hii kadi au tambara la kudekia?"

Benchi zima likacheka. Mama akambeba mwanawe, akaondoka. Hakurudi.

"Watu husema wanaokwepa chanjo wamejazwa uvumi," anasema nesi. "Huyu hakujazwa na mtu. Nilimfukuza mimi, kwa ulimi wangu."

Sasa mtoto ana miezi kumi. Chanjo ya surua hutolewa akitimiza tisa, na tayari nyumba mbili za mtaa ule zina wagonjwa wa surua.

Kila Ijumaa akitoka kazini, nesi hupiga hodi kwa mshona nguo. Hukaribishwa vizuri, kiti na maji ya kunywa. Akimwulizia mtoto, jibu ni lilelile: "Amelala, Sista." Na huku anamsikia chumba cha pili akicheka peke yake.

Ijumaa ya wiki hiyo aliomba radhi tena, mara ya sita. Mshona nguo hakusimamisha cherehani.

"Sista, ulinitukana humu ndani?"

"Hapana, mwanangu. Mbele za watu."

"Sasa mbona radhi unaniletea humu ndani?"

Nesi aliweka kikombe chini. Maji yake hakuyamaliza.

Jumatano ijayo, kabla hajamgusa mtoto yeyote, anakusudia kusimama mbele ya akina mama wote na kulitaja kosa lake. Amemwomba mshona nguo aje asikilize tu, hata akisimama mlangoni.

"Hakukubali, hakukataa," anasema nesi. "Aliniuliza tu mnaanza saa ngapi."