Shuka za Daraja la Tatu

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, wanawake wenzangu wa Tetu walipokuwa wakichimba kwa lazima handaki la kuwazuia wapiganaji kando ya msitu, mimi nilikuwa nimeketi kwenye veranda ya Mzungu mjini Nyeri nikishona mablanketi yenye ukubwa wa kidole gumba. Wajukuu wangu wanaijua hadithi hii na hucheka mpaka wakashika mbavu. Mimi huwasimulia nusu tu. Nusu nyingine sijawahi kumwambia mtu.

Yule Mzungu alikuwa afisa wa barabara. Katika chumba cha nyuma alikuwa akijenga garimoshi dogo la mbao na bati, mfano wa lile la kwao linaloondoka London jioni na kufika Uskoti asubuhi, abiria wakiwa wamelala vitandani. Baba yake alikuwa mhudumu katika behewa moja la kulala. Kwa hiyo Bwana hakutaka garimoshi lolote tu. Alitaka lile la mwaka mmoja hasa, kabla ya vita, mwaka aliopandishwa akiwa mtoto akamwona baba yake akitandika vitanda. Kila kitu kilipaswa kuwa cha mwaka ule: vanishi ya mbao, vitasa vya milango, rangi ya mapazia. Paa za mabehewa zilifunuka kama kifuniko cha sufuria ili uone ndani, na ndani vitanda vilikuwa vitupu. Mpishi wake, mtu wa kwetu Giakanja, akamwambia kuna mama anayejua kudarizi.

Bwana akaniandikia cheti kwamba niko kazini kwake. Mwenye cheti hakwenda handakini.

Nyumbani tulikuwa wanawake watatu: mimi, wifi yangu, na mama mkwe ambaye miguu yake ilikuwa imevimba. Mume wangu alikamatwa sokoni Karatina akapelekwa kizuizini, na mume wa wifi vilevile. Tulikaa katika kibanda kimoja cha kile kijiji tulichohamishiwa kwa nguvu. Amri ilikuwa kila nyumba itoe mtu mmoja wa kuchimba, kila siku isipokuwa Jumapili. Mimi na wifi tulikuwa tukipokezana, leo mimi, kesho yeye. Nilipopata cheti, ikawa ni yeye siku zote.

Wifi ndiye aliyenifundisha kushona. Naliandika hili sasa hivi, nisije nikajifanya nimelisahau. Alijifunza kwa masista wa misheni, na kabla ya shida zile alikuwa na cherehani yake na wateja mpaka Chaka. Mishono yake ungeitafuta usiione.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kweli kabisa. Nilivishonea shuka vitanda vyote. Bwana akacheka.

"Hapana, mama. Tadi klasi hakuna shuka. Ile mwaka, watu ya tadi klasi napata blanketi na mto tu. Shuka ni ya fasti klasi."

Basi Mzungu wa daraja la tatu naye hulala bila shuka! Nilifurahi kusikia hivyo, nikawa natabasamu peke yangu nikifumua. Kufumua na kushona upya kulinichukua siku tatu. Nikirudi nyumbani kabla ya kafyu, kilichokuwa kichwani mwangu si shuka tena, ni zile siku tatu nilizoongezewa.

Tangu hapo nikaanza kutafuta makosa. Bwana alikuwa na picha za garimoshi lile, na lenzi ya kuzikuzia. Nilizichungulia mpaka macho yakatoa machozi. "Bwana," nikamwambia siku moja, "hapa kwa picha, blanketi iko na mstari moja. Mimi nimeweka mbili." Akanyakua lenzi, akawa mwekundu kwa furaha. "Kweli! Kweli kabisa! Toa yote." Wiki mbili hizo. Baadaye ukaja ukingo wa mito, kisha pindo la mapazia. Alikuwa akiniita hata chakula chake kikipoa, aniulize macho yangu yanaonaje. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, nami nilivimba kichwa.

La mwisho nilitunga. Nilimwambia herufi ya reli niliyodarizi pembeni mwa blanketi inaelekea upande mwingine. Pichani palikuwa na ukungu tu, wala herufi yenyewe haikuonekana. Akaniamini.

Jioni wifi alirudi na matope mpaka magotini, akajipaka mafuta ya kondoo viganjani, akanitania. "Ati garimoshi imefika wapi leo?"

"Bado iko stesheni."

"Na abiria wamelala?"

"Fofofo." Tukacheka wote, na mama mkwe pia. Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wao.

Kisha ikaingia baridi ya Julai, yenye manyunyu yasiyokatika, na kuta za handaki zikaanza kulainika. Asubuhi moja Bwana alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama mbele yangu.

"Mama, hii kazi nakwenda pole pole sana. Mimi nataka maliza mbele ya likizo. Wewe najua mama ingine ya kushona? Mimi naandika cheti ingine."

"Hapana, Bwana. Hakuna."

Nilijibu hata hajafunga mdomo. Wawili tungemaliza upesi, na kazi ikiisha cheti kinaisha. Na kuna jingine baya zaidi: Bwana angeiona mishono ya wifi, halafu angeitazama yangu. Akasema haya, akaingia ndani. Nikaendelea na sindano yangu.

Haikupita wiki, ukuta wa handaki ukabomoka. Jiwe lilimbana wifi mkono wa kulia. Alirudi akiwa ameufunga kwa kitambaa chake cha kichwa, hakulia, aliomba maji tu. Dispensari waliushona mkono wenyewe, lakini vidole vitatu vya katikati havikukunjika tena. Cherehani yake ilibaki pembeni imefunikwa gunia mpaka mama mkwe alipoiuza.

Kesho yake baada ya ajali, mama mkwe aliamka akachukua jembe. Nikamnyang'anya, nikaenda mimi. Cheti nilimrudishia Bwana kwa mkono wa mpishi. Watu walinisifu. Ukweli ni kwamba nisingeweza kushika sindano huku wifi akinitazama.

Uhuru ulikuja, waume wakarudi, watoto wakakua. Sikusema. Juzi juzi tu, sote tukiwa wajane, niliamua inatosha. Nilitembea mpaka kwake nikiyapanga maneno njia nzima. Alikuwa akimenya viazi kwa mkono wa kushoto, alivyozoea.

"Wifi," nikaanza, "wakati ule wa garimoshi, Bwana aliniuliza kama kuna mwingine..."

"Cheti ya pili?" Hakuinua hata macho. "Mpishi aliniambia wiki ile ile."

Nikachukua kiazi kimoja, nikakirudisha.

"Na sikukulaumu hata siku moja," akasema. "Tungeenda kushona sisi wawili, nani angechimba? Mama, na miguu ile? Angekufa huko. Ulifanya vizuri kumfikiria. Mimi kwa vile nilikuwa nimechoka, singemkumbuka."

Siku ile pale veranda, mama mkwe hakunipitia akilini hata kidogo. Nilijifikiria mimi, na kiti changu, na Bwana akinisifu. Kulikuwa bado na nafasi ya kusema hivyo. Wifi alikuwa ameweka kisu chini, akinitazama kwa upendo, mwanamke aliyekaa na jambo hilo miaka yote na kunitafutia sababu nzuri.

"Ndiyo," nikasema. "Nilimfikiria mama."

Akanyoosha mkono wa kulia, akaushika wangu kadiri alivyoweza.