Mkwaruzo wa Uzi Mnene

Wanasema kuta zina masikio. Ukuta wangu una masikio yangu mwenyewe, maana cherehani yangu imeegemea upande huu na kabati la nguo la jirani limeegemea upande ule, na mwenye nyumba wetu, mkono wa birika wa kuzaliwa, alitenganisha vyumba vyetu kwa tofali jembamba kuliko yote sokoni. Jirani akikohoa, nampa pole. Mimi nikishona, yeye anajua kama ni suruali ya jinzi au shela. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyaokota kibarazani.

Jirani mwenyewe anaitwa Dundo. Jina la wazazi analo, ila halitumii mtu tangu enzi za bendi, alipokuwa akipiga gitaa la besi kwenye kumbi za starehe. Bendi ilikufa kifo cha kawaida cha bendi: mwimbaji alijiona mkubwa kuliko wenzake, mpiga tarumbeta akaokoka, waliobaki wakagawana vyombo. Dundo akachukua besi yake na kwenda kuajiriwa kwenye stoo ya mabomba, ambako mpaka leo anawapimia watu koki na viungo vya mpira. Mpiga solo akikaa peke yake na gitaa, watu humsogelea. Mpiga besi akikaa peke yake, watu humuuliza anamsubiri nani. Aliniambia hivyo mwenyewe, akacheka, mimi nikashindwa kucheka.

Besi hiyo nayo ukiiona utafikiri imetoka vitani. Rangi nyeusi aliikwangua yote mpaka mti ukabaki uchi, akaupaka mafuta ya mbegu kwa kitambaa. Pale mkono wa kulia unapolala, alisugua ukingo mpaka ukawa laini kama sabuni iliyotumika. Vifundo vya kuongeza sauti vilitoka kwenye redio iliyokufa. Kule juu ya shingo, nyuzi zinapopita kuelekea kwenye vikazio, kulikuwa na kipande cha plastiki. Alikitupa, akaenda kwa muuza nyama kuomba mfupa wa paja, akauchonga kwa tupa hadi ukakaa sawasawa. Mkanda ni wa kiti cha gari lililopata ajali, nami ndiye niliyeushona, nikavunja sindano mbili nikiutukana. Chini ya nyuzi, karibu na zilipofungwa, amebana kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, ili sauti isitawanyike. Nilimuuliza vyombo anaoshea nini. Akasema mgane hana vyombo vingi.

Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno machache na nguo nyingi. Namjua kwa nguo, maana nyingi nilizishona mimi: magauni, makoti mepesi, na gauni moja la kijani lenye mikono mirefu, la mahameli, lililonitoa jasho. Alipoanza kuugua, kelele zilimchosha. Spika ya Dundo ilikuwa imeungua zamani, naye hakuwa na haraka ya kuitengeneza. Sasa besi ya umeme bila spika ni kama bubu. Inatikisika tu vidoleni. Lakini wapiga besi wana ujanja wao. Ukiegemeza kichwa cha gitaa kwenye mbao pana, mlango au kabati, mbao ile inaimba badala ya spika. Dundo alijaribu meza, akajaribu mlango, mwishowe akaegemeza kwenye kabati la nguo za mkewe. Ikatoka sauti nzito, ya chini, iliyozibwa vizuri, isiyomsumbua mtu. Mkewe pale kitandani akamwambia, "Hapo sasa nakusikia."

Baada ya mazishi hakubadilisha kitu. Akirudi kazini alioga, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaegemeza gitaa kwenye kabati lililojaa, akapiga. Kabati hakulifungua. Nguo zake mwenyewe zilikuwa kwenye sanduku na kwenye misumari nyuma ya mlango. Nami upande wangu niliisikia ile sauti ikipita ukutani, nikijua kuwa hayo ndiyo mazungumzo yake yote ya siku. Nilimwonea huruma, sifichi. Lakini mtu anayeongea na kabati huwezi kumkatiza.

Ndipo akaja bintiye.

Simsemi vibaya, ni binti mzuri, nesi katika mji mwingine, mwenye moyo wa kusaidia na haraka ya mtu anayetakiwa zamu. Alikuta chumba cha baba yake hakijaguswa, akaona huko ni kujitesa. Alimwambia kwa upole kuwa nguo za marehemu hazifai kukaa zikiliwa na nondo wakati kuna watu hawana cha kuvaa. Dundo akajibu, "Sawa, mwanangu." Baba wa watu anapokubali upesi namna hiyo, ujue hajasikia au hana nguvu ya kubisha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hata mwenzio akiwa ni baba yako. Baba alipokwenda kazini, binti akafungua kabati, akafunga mafurushi, akayagawa kwa wahitaji. Lile gauni la kijani akaniletea mimi. "Shangazi, ulilishona wewe. Lichukue." Kufa kufaana, nilijisemea, na nikalipokea kwa mikono miwili kwa sababu mikono haikujua la kufanya. Jioni kabati lilikuwa limefutwa vumbi, limewekwa dawa ya nondo, na hanga za waya zimepangwa kwenye ufito wake kwa adabu. Asubuhi yake binti akapanda basi.

Jioni ya siku hiyo Dundo akarudi kazini, akaoga, akakaa, akaegemeza gitaa. Akapiga.

Niliisikia tofauti kabla hajaacha kupiga. Sauti ilikuwa imepanda, ikawa na mwangwi, kama mtu anayeongea ndani ya nyumba isiyo na vitu. Na kila alipoipiga noti moja ya uzi mnene, ile ya chini kabisa aliyokuwa akiikalia kwa muda mrefu, kulitokea mkwaruzo: zzzz ya chuma, nyembamba, yenye kero. Akarudia. Ikarudia.

Fundi akisikia mkwaruzo hafikirii kabati. Anafikiria shingo. Ndani ya shingo ya gitaa mna chuma chembamba kinachozuia mti usipinde kwa mvuto wa nyuzi, na Dundo akaanza kukikaza kidogo, akapiga, akakilegeza, akapiga. Hakuona nafuu. Akainua nyuzi kule chini zilipofungwa. Akatoa ule mfupa akachonga mwingine. Kisha nikamkuta uani na sufuria juu ya jiko, maji yanachemka, na ndani yake nyuzi zimejiviringisha. Nyuzi za besi zikichemshwa hutema jasho na uchafu, sauti ikarudi ujana. Hiyo nilikuja kuelezwa baadaye. Wakati ule nilimwambia tu kwamba zikiiva aniite, nilete chumvi. Alitabasamu kwa adabu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Jirani," akaniambia, "ameondoka. Yule niliyekuwa namsikia humu ameondoka."

Nikadhani ni huzuni ya kawaida, nikampa maneno ya kawaida. Mungu anisamehe maneno yenyewe, yalikuwa ya kufunika sufuria.

Nyuzi zilizochemshwa zilikwaruza vilevile, tena kwa sauti kali zaidi. Basi akageukia mataruma. Ndivyo wanavyoviita kwenye bendi vile vipande vya chuma vilivyolala shingoni kama mataruma ya reli, ambavyo kidole hubana uzi juu yake. Taruma moja likiwa juu kuliko wenzake, uzi hulikwaruza. Kwa hiyo akachukua tupa, akaanza kuyasawazisha. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mfupa unaweza kuchonga mwingine, uzi unaweza kununua mwingine, lakini chuma kilicholiwa na tupa hakirudi, na gitaa hilo ndilo lililokuwa limebaki kuishi naye. Kila siku nilisikia tupa ikila, kisha noti, kisha mkwaruzo, kisha tupa.

Nilimsukuma aende kwa fundi redio, rafiki yake wa zamani, aliyempa vile vifundo. Akaenda. Fundi redio akaliunganisha gitaa kwenye spika yake, akapiga, akampa Dundo apige. Halikukwaruza hata kidogo. Wakapiga tena, kwa nguvu, kwa upole, uzi mnene peke yake. Sauti safi. Ni kama gari bovu: likifika gereji linapona, likirudi barabarani linakufa. Fundi redio akamwambia gitaa lake ni zima, na kama kuna mchawi basi yuko kwake nyumbani, kikulacho ki nguoni mwako. Alisema kwa mzaha. Dundo hakuchukua mzaha. Alirudi, akaegemeza gitaa mahali pake, akapiga, na ile zzzz ikamjibu.

Akaja mlangoni kwangu kesho yake akitoka kazini, na koleo mkononi, lile la kung'olea misumari. Alisema ameamua kuyang'oa mataruma yote, shingo ibaki mti mtupu. Kama hakuna chuma, hakuna cha kukwaruza. Nilimuuliza kama ataweza kulipiga likiwa hivyo. Akasema wapo wanaoweza. Yeye vidole vyake vimezoea taruma tangu ujana, hana uhakika. Nikamuuliza kama yatarudi akijuta. Akasema hayarudi vizuri, mti hupasuka.

"Mzee, si bora likwaruze?"

"Alisema hapo ndipo ananisikia," alijibu. "Sasa nikipiga, simsikii yeye akinisikia."

Akaingia kwake. Nikarudi kwenye cherehani, sikuweza kushona. Nilikaa na mguu juu ya pedali nikisubiri sauti ya chuma kinachong'oka.

Kilichofuata alinieleza mwenyewe, lakini nusu yake nilikuwa nimeshaisikia. Kabla ya kushika koleo alitaka kuipiga ile noti mara ya mwisho, ndipo aagane nayo. Aliipiga, ikakwaruza. Uzi ukiwa bado unatetemeka akaliinua gitaa kulilaza kitandani. Mkwaruzo ukakatika. Uzi ulikuwa bado unalia; aliusikia kwa mbavu zake, na haukuwa na kasoro. Akaliegemeza tena kwenye kabati, akapiga. Mkwaruzo. Akalitoa. Kimya. Mimi nilisikia hivyo hivyo, unakuja, unakatika, unakuja, nikadhani ameshaanza kuchanganyikiwa.

Akafungua kabati. Hakuwa amelifungua tangu siku za ugonjwa, alipokuwa akimfungulia mkewe. Akaliegemeza gitaa ubavuni mwa kabati, akaupiga uzi mnene, na mbele ya macho yake hanga za waya zikatetemeka kwenye ufito, zikigusana, tupu zote. Nguo ndizo zilizokuwa zimezituliza. Nguo ndizo zilizokuwa zimeifanya sauti kuwa nzito na ya karibu. Gitaa lilikuwa zima siku zote.

Nilisikia kitanda kikilia alipokaa. Kisha nikamsikia yeye, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akilia kama watu wanavyolia. Tofali jembamba lina ubaya wake. Nilijifunika uso kwa kitambaa cha mteja.

Baadaye aligonga. Alikuwa ameosha uso. Akanieleza yote akiwa amesimama kizingitini, akanionyesha vidole vyenye unga wa chuma. "Nimelikwangua bure," alisema. "Nimelitafuta kosa kwake, na yeye hakuwa na kosa." Sikumuuliza anasema gitaa au mtu.

Nikaingia ndani, nikaleta lile gauni la kijani. Nilikuwa nimelikunja kwenye karatasi, sijalivaa hata kwa kujaribu. Nikamwambia alichukue, alitundike mahali pake, na mimi nina vitambaa vizito vya kutosha, tunaweza kulijaza kabati lote, sauti itarudi. Nilisema upesi upesi, nikifurahi kuwa safari hii nina kitu kinachofaa.

Aliushika mkono mmoja wa gauni, akaupapasa mshono wa bega. Akauachia.

"Vitambaa vyako vitanyamazisha hanga," alisema. "Havitanisikiliza. Kaa nalo, jirani."

Siku iliyofuata nilimsikia akizitoa hanga, moja moja, akiziangusha ndani ya ndoo. Nikadhani anauondoa mkwaruzo wake, kazi ya dakika chache ambayo ingemwokolea chuma chote kile. Kisha akakaa, kitanda kikalia, akaegemeza gitaa. Akazunguka kwanza kwenye nyuzi nyembamba, akashuka polepole, mpaka akaifikia ile noti ya chini. Akaipiga na kuiacha.

Ilikwaruza. Kidogo sana, sauti ya waya mmoja dhidi ya ufito. Alikuwa amebakiza hanga moja, imjibu.

Alingoja mpaka ikanyamaza yenyewe, akapiga tena. Gauni la kijani nimelitundika kwenye msumari, ukuta ule ule, upande wangu. Na akianza kupiga mimi huondoa mguu kwenye pedali, kwa sababu ile hanga ina sauti ndogo, na cherehani yangu ina kelele.