Fundo Nililoacha Kuandika

Mwanangu, kuna siku moja ya Habaswein ambayo nikiikumbuka nakasirika mpaka leo, na wa kwanza kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Nitakusimulia, maana juzi uliniuliza, tena mbele ya watu, eti wale mke na mume wapelelezi wa vitabu vyangu niliwaiga kutoka sinema gani ya Ulaya. Sinema! Mimi nimekula vumbi la Garissa na Wajir ujana wangu wote, halafu uniambie nimeiga sinema? Keti hapo unisikilize.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya shifta, waasi wa kaskazini. Mimi nilikuwa karani kijana, Mtaita, nimetoka shule moja kwa moja na mwandiko wangu mzuri niliojivunia kupita kiasi. Kazi yangu katika kituo cha askari pale Habaswein ilikuwa kuandika maelezo ya watu. Wafugaji walikuwa wamekusanywa ndani ya ua wa miiba karibu na kituo, na aliyetoka na ngamia bila ruhusa alihesabiwa shifta. Watu waliozoea kutembea kufuata malisho, wamefungiwa kama mbuzi wa kuchinjwa! Hilo nalo linanichoma, lakini ngoja nisitoke kwenye maneno yangu.

Asubuhi hiyo askari walimkuta ngamia nje ya ua, peke yake, amebeba magunia mawili. Ndani ya gunia moja mlikuwa na risasi. Ngamia alikuwa na chapa ya kijana mmoja aliyeitwa Noor. Noor akaapa kwamba ngamia huyo alimpotea siku mbili nyuma, lakini nani amsikilize? Afisa wetu akasema lori lililoleta chakula siku tatu nyuma likirudi Garissa saa nane, Noor atapanda. Waliopelekwa huko kwa mambo ya risasi, hatukuwa tumemwona hata mmoja akirudi.

Noor alikuwa na dada, Kaltuma, aliyekuwa akituuzia maziwa pale kituoni, na mume wa Kaltuma aliitwa Dekow. Hao wawili hawakulia wala kupiga magoti. Waliomba ruhusa wakamtazame yule ngamia. Nikatumwa nao, na karatasi yangu mkononi, niandike watakachosema.

Dekow alizunguka taratibu akisoma mchanga. Akaniambia aliyemwongoza ngamia alivaa buti, na buti la kushoto limepasuka kisigino. Noor maisha yake yote alivaa akala, vile viatu vya tairi. Nikaandika. Kaltuma yeye hakutazama chini. Alikwenda kwenye magunia, akashika kamba, akaipindua, akaguna.

"Karani, tazama. Kwetu mwanamke ndiyo nafunga mzigo ya ngamia. Mzigo ya Noor nafunga mimi. Hii fundo si ya mtu ya ngamia, wallahi. Hii ni ya mtu ya lori. Turubai nafungwa hivi."

Dekow akakubali kwa kichwa. "Mimi nasoma mguu, yeye nasoma kamba," akasema. "Andika yote. Moja beke yake haitoshi."

Na mimi, bingwa wa mwandiko, nikafanya nini? Sikuandika! Nilijiambia kwamba mke anamfuatia tu mumewe, tena ni dada wa mshtakiwa, na fundo la kamba ni mambo ya wanawake. Nikaandika mistari minne juu ya buti, nikatia jina la Dekow, nikapiga mstari chini. Mstari ulinyooka vizuri sana.

Afisa aliisoma karatasi akacheka. Buti? Mtu yeyote anaweza kuvaa buti, kisha akalivua. Akatia sahihi, na Noor akapandishwa lori mikono imefungwa.

Kaltuma akanijia. "Nisomee ile naandika." Nikamsomea. Nilipofika mwisho alisubiri, akidhani nimetua kidogo tu.

"Maliza."

"Imekwisha, mama."

"Mimi niko wabi?"

Alitamka hivyo, wabi, kama wengi wa kwao, na tangu siku ile neno hilo silisikii vingine. Dekow akanigusa bega, akanionyesha lori. Tanboi, kijana wa kupakia mizigo, alikuwa akifunga turubai. Buti lake la kushoto lilikuwa limepasuka kisigino. Na fundo alilokuwa akilikaza lilikuwa lile lile!

Nilikimbia kwa afisa nikipiga kelele. Nikamweleza yote, kamba, turubai, kisigino, kwamba tanboi ndiye aliyemwiba ngamia apitishie risasi. Akanisukumia karatasi yangu mwenyewe. "Fundo liko wapi hapa? Huu si mwandiko wako?" Ulikuwa mwandiko wangu. Lori likaondoka na Noor ndani, na mwenye fundo amekaa juu ya magunia akivuta sigara.

Noor alirudi baada ya misimu mitatu ya mvua, sikio moja halisikii, na ngamia wake wote walikuwa wamechukuliwa. Kisa nini? Kisa karani mmoja mwenye kiburi aliona maneno ya mwanamke hayastahili wino.

Wapelelezi wangu walizaliwa hapo, mwanangu. Mume anasoma mguu, mke anasoma kamba. Mchapishaji wa kwanza niliyemwendea Nairobi alitaka nimtoe mke kwenye upelelezi, abaki wa kuchemsha chai mume akifikiri. Nilichukua mswada wangu nikatoka bila kuaga. Nilishamfuta mwanamke huyo mara moja, na sikuwa tayari kumfuta tena.

Kitabu kilipotoka hatimaye, nilipanda pikapu hadi Habaswein. Dekow alikuwa ameshazikwa, na Noor pia. Kaltuma alikuwa bibi kizee. Mjukuu wake akamsomea mpaka penye fundo. Alisikiliza yote, kisha akanishika mkono.

"Sasa naandika fizuri, karani," akasema. "Lakini lori ilishakwenda."

Basi sikia neno langu. Unapoandika, iwe hadithi, iwe barua, iwe maelezo ya kesi, usimkate mtu maneno kwa sababu ni mwanamke, au Kiswahili chake kimepinda, au mumewe amesimama kando yake. Andika aliyosema yeye, kwa jina lake, na uandike siku hiyo hiyo. Kisha msomee kabla hujapiga mstari wako, naye akikuuliza yuko wapi, uweze kumwonyesha kwa kidole. Mungu akupe sikio la kusikia watu wawili kwa wakati mmoja, akuepushe na kiburi cha mwandiko mzuri, na asikuache ufike ukiwa na maneno yote mkononi wakati lori limeshaondoka. Amin.