Siku Nilipowakabidhi Majini Shamba la Pamba

Walisema sitaweza. Walisema mtoto wa muuza karanga wa stesheni ya Tabora hafiki darasa la nane, nikafika. Walisema hatapanda ndege, nikapanda, nikaenda ng'ambo na kurudi na diploma ya kilimo yenye mhuri mwekundu. Na nilipopangiwa kijiji cha ujamaa karibu na Ziba wakasema tena kwamba watu wa kule hawaendi shamba la kijiji kwa maneno ya bwana shamba yeyote, na hapo pia niliwatoa, tena kwa hiari yao. Nayataja haya mapema ili mjue ni mtu wa namna gani aliyesimama mchana kweupe mbele ya kijiji kizima na mgeni wa wilaya, amevua viatu, anaagana na magugu. Mpaka leo nikiikumbuka aibu ile nikiwa peke yangu, hukohoa.

Siri yangu ilikuwa vitabu. Nilinunua Dar es Salaam vitabu vitano vya hadithi moja ndefu, ya binti aliyetawala mji ulio chini ya ziwa, wenye nyoka wanaosema na farasi wa moshi, nikawa nawasomea wanakijiji kwenye baraza la ghala la pamba kwa sharti moja: nasoma baada ya kazi, na asiyeshika jembe hasikilizi. (Chuoni hawakunifundisha hilo, nilibuni mwenyewe.) Mzee Masanja, aliyekuwa na mgongo mbovu kila siku ya kazi ya pamoja, mgongo ukapona. Na kwa kuwa baraza lile ndilo lilikuwa darasa la kisomo cha watu wazima, walizoea kuitikia: nikisoma jina la mfalme au la mji, wote wanalirudia kwa sauti kama walivyofanya na silabi.

Kitabu cha tano kikaisha. Binti akarudi ziwani, lango likafungwa, watu wakafuta machozi, na kesho yake shambani walikuja wachache, keshokutwa wachache zaidi. Ulikuwa wakati wa palizi, magugu yanaipita pamba kwa urefu, nami nilikuwa nimeshamwahidi bwana kilimo wa wilaya kwamba Jumatatu akija atakuta shamba safi kuliko yote ya tarafa. Asipolikuta ningehamishwa, na wale waliosema sitaweza wangefanya sikukuu.

Nikapanda basi kwenda Tabora kutafuta hadithi nyingine. Duka la vitabu lilikuwa na siasa na ufugaji wa kuku. Fundi Hamisi, mshonaji wa mtaa wa Isevya aliyenijua tangu utoto, akaniazima viwili, kimoja cha upelelezi na kingine cha mapenzi ya mjini.

"Fundi, mimi nataka falme za ajabu. Nataka vitu vinavyoruka."

"Basi nenda kwa Bi Zuhura," akasema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Marehemu mumewe aliacha sanduku la vitabu, la tangu babu zake waliokuja na misafara kutoka pwani. Lakini muulize vizuri ni vitabu gani."

Bi Zuhura aliitikia shikamoo yangu, akafungua sanduku, nami nikachagua mwenyewe kitabu cha jalada la ngozi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu (nazisoma vizuri, nilimaliza chuo cha Kurani kabla ya shule). Kurasa za mwanzo zilikuwa na wafalme saba wa majini, kila mmoja na siku yake, rangi ya farasi wake na lango la mji wake. Moyo ukaruka. Binti wa ziwani alikuwa si kitu.

"Hicho unajua matumizi yake?" akauliza.

"Bibi, mimi nimesoma ng'ambo."

Akanitazama kidogo, akakifunga kwenye kanga kuukuu. "Haya. Kirudishe mwenyewe, usimtume mtu."

Ijumaa mchana nikavunja sharti langu, nikasoma kwanza ili walime baadaye. Baraza lilijaa. Nikataja mfalme wa kwanza, wakaitikia. Kitabu kilisema jina lirudiwe mara tatu, nikadhani ni madoido ya mtunzi, tukalirudia, na hivyohivyo mpaka wa saba, kijiji kizima kwa sauti moja, nami nimejaa raha. Nikafunua ukurasa. Mdomo wangu ukiwa umetangulia akili, nikasoma kwa sauti ileile: "Sasa wamesikia na wako njiani. Aliyewaita asiondoke mahali pake, na wakifika awaambie haja yake."

Kimbunga cha vumbi kikaja kutoka upande wa shamba, kikazunguka ghala, bati zikapiga kelele, na mtoto wa Mama Kulwa akalia.

"Bwana shamba," akasema Mzee Masanja polepole, "hiyo si hadithi."

"Ni hadithi, mzee."

"Hadithi haimwambii msomaji asiondoke. Umewaita, na sisi tumekuitikia. Sema haja yako upesi, kabla hawajajichagulia."

"Asiseme mvua," mtu akadakia, "watatuzamisha."

"Aombe trekta," akasema Mama Kulwa.

Mimi mwenye diploma nikaiambia hewa: "Haja yangu ni pamba ipaliliwe."

Kesho yake hakuja mtu shambani. Mwenyekiti wa kijiji nikamkuta kwake anachonga mpini. "Ndugu, kazi umeshawapa wenyewe," akasema. "Sisi tukawaingilie?" Nikamwambia ni upuuzi, nikachukua jembe, nikaenda peke yangu kuwaonyesha. Nilipofika katikati ya shamba, nyuma yangu nikasikia jembe likipiga ardhi. Nikasimama, nalo likasimama. Nikapiga mara moja, nalo likapiga mara moja. Hakukuwa na upepo, lakini mstari wa pamba ulitikisika ukija upande wangu. (Sikuuliza ni nani. Nilikuwa mkimbiaji wa shule, nikakimbia kama mkimbiaji wa shule, na jembe nililiacha hapohapo.)

Jumapili nilikuwa mlangoni kwa Bi Zuhura.

"Uliwaaga?" akauliza.

"Kina nani?"

"Uliowaita. Mume wangu hakuita mtu bila kumuaga, awe mtu, awe mwingine. Maneno yapo mwishoni mwa kitabu. Simama shambani, vua viatu, na walioitikia wawepo."

Jumatatu asubuhi kijiji kikapanga mstari barabarani, hakuna aliyekubali kukanyaga shamba, nami peku ndani ya magugu, kitabu mkononi, nikamshukuru kila mfalme kwa jina na kumtakia njia njema, nao kule nyuma wanaitikia. Nilikuwa kwa wa saba niliposikia Landrova inazimwa.

"Ndugu bwana shamba," akasema bwana kilimo wa wilaya, "unamuaga nani?"

Mzee Masanja akanijibia: "Vibarua, mheshimiwa. Wanaondoka."

Mgeni akatazama magugu. "Mbona hawakulima?"

"Ndiyo maana wanaondoka."

Mama Kulwa ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote, mpaka mwenyekiti akajishika mti wa uzio, na kicheko kile ndicho kilichowarudisha shambani, maana waliingia na majembe yao huku bado wanacheka. Mgeni hakucheka. Alinipa wiki mbili, akasema akirudi akute shamba limelimwa na watu wanaoonekana. Lilipaliliwa, kwa kitabu cha upelelezi cha Fundi Hamisi, ambacho nilikisoma chote peke yangu, hadi jalada la nyuma, kabla ya kufungua mdomo mbele ya mtu. Nimeapa kufanya hivyo kwa kila kitabu mpaka nife. Sikuhamishwa, ila jina la Bwana Majini lilinifuata hadi Nzega.

Siku niliyowarudishia wote walioniazima nilianza kwa fundi, nikamalizia kwa Bi Zuhura. Akapokea kitabu chake ndani ya kanga yake, akakilaza sandukuni, akatoa kingine. "Na hiki? Kina mlima unaotembea na mji mgongoni mwake."

Naona haya kusema jinsi nilivyokitamani.

"Kinaishaje, bibi?"

"Sijui. Sijawahi kukisoma."

Nikakirudisha sandukuni kwa mikono miwili, nikamuaga yeye, nikaiaga nyumba, nikamuaga na yeyote mwingine aliyekuwemo, nikatoka kinyumenyume.