Seva Iliyorudi Kazini

Mzee Sweta alirudi kazini baada ya kiharusi, mkono wa kushoto umelegea na ulimi mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Jina hilo alibandikwa na vijana wa chumba cha kompyuta cha hospitali, maana humo ndani baridi haina huruma, naye alivaa sweta lilelile miaka nenda miaka rudi. Asubuhi hiyo mkewe alimfunga vifungo mwenyewe, akamsihi, "Baba watoto, usijitie ushujaa. Nenda ukakae tu."

Kukaa tu! Seva zile tatu zinazotunza taarifa za wagonjwa alizifunga yeye. Moja huongoza, mbili hufuata. Ya kuongoza ikinyamaza, zilizobaki hupiga kura, na kufumba na kufumbua zimeshapata kiongozi mpya. Iliyozimika ikirudi, wenzake huiambia papo hapo kwamba uongozi umehama, nayo hushika mkia bila kinyongo. Somo hilo aliwafundisha vijana mpaka wakalikinai.

Siku hiyohiyo seva iliyokuwa ikiongoza ikazimika. Mzee Sweta akainuka kwa shida. "Msi... msiiwashe. Kagueni diski kwanza."

"Sawa, Mkuu," wakaitikia wote, kisha macho yao yakamgeukia binti aliyekuwa msaidizi wake. Binti akapandisha nyusi kidogo tu, wakaiwasha.

Ikawaka salama salimini. Diski zilishabadilishwa zote yeye akiwa kitandani, na hakuna aliyemwambia. Binti alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kwenye skrini akaiona seva iliyorudi ikipewa habari na wenzake, ikaanza kufuata. Aliionea wivu, mtu mzima na akili zake, akionea wivu bati na nyaya.

"Binti," akasema, kila neno akilivuta kwa nguvu, "sa... sasa hapa mkuu nani?"

Alitaka aambiwe. Angeambiwa, angevuta kiti pembeni, akauliza afanye kazi gani, yakaisha. Kijana mmoja akakimbilia kumletea chai. Mwingine akamwekea mto mgongoni.

"Ni wewe, Mkuu," binti akajibu kwa upole, macho chini. "Nani mwingine?"

Akajaribu kuuliza tena, ulimi ukagoma. Wakatabasamu wote, wakidhani anashukuru.