Mlima Nilioupanda Chumbani

Nitataja mkojo mara nyingi katika maneno haya, kwa hiyo mwenye aibu azibe masikio mapema. Mimi aibu hiyo ilikaribia kunizika.

Naitwa Rehema. Ni Mnubi mzaliwa wa Kampala, na naishi kwenye fleti huko Bukoto na bibi yangu mzaa mama. Tunamwita Haboba, kama Wanubi tunavyowaita bibi zetu. Mchana nauza vipuri vya baiskeli katika soko la Kikuubo: minyororo, tairi, pedali, breki. Jioni napanda baiskeli. Wakati huo nilikuwa na mapaja ambayo mafundi wa Kikuubo waliyatania kila nilipopita, nami niliwajibu mpaka wakanyamaza. Hospitali niliijua kwa kwenda kuwatazama wagonjwa wa watu.

Kisha chama kimoja cha waendesha baiskeli huko Ufaransa kikatualika wanawake wawili kutoka Uganda, twende tukaendeshe nao kwenye milima ya Pirenei. Hayakuwa mashindano. Ilikuwa safari ya kupita vijijini na mashambani, na siku ya mwisho mnapanda mlima mmoja mrefu mpaka juu kabisa. Nyuma yenu gari linawafuata taratibu. Anayeshindwa anapakiwa humo na baiskeli yake. Niliapa kwamba gari hilo mimi halitanibeba.

Kocha wetu, Otieno, ni Mkenya aliyekuja Kampala kikazi akabaki. Alikuwa na chumba chake cha mazoezi Naguru. Alisema vilima vya Kampala vinaisha kabla mtu hajachoka vizuri, na ule wa Ufaransa hauishi. Basi akaifunga baiskeli yangu kwenye stendi ya chuma, akaweka skrini mbele yangu. Wenyeji wetu walikuwa wametutumia picha za video za barabara yenyewe. Ukikanyaga pedali, barabara inakuja. Barabara ikipanda, stendi inalibana gurudumu. Ukiacha kukanyaga, picha inasimama palepale ulipoishia.

Niseme ukweli, ile barabara sikuipenda tangu siku ya kwanza. Inaanzia kando ya mto, inapita malisho yenye ng'ombe, halafu inaingia kijiji cha mawe ambacho madirisha yake yote yamefungwa. Hakuna mtu. Katikati ya kijiji kuna bomba la kale linalomwaga maji kwenye birika la jiwe, na hakuna anayeteka. Ukitoka hapo unaingia msitu mweusi, kisha kona juu ya kona, kisha ukungu. Kila mara niliishia kwenye ukungu. Kilele sikuwahi kukiona.

Sasa sikilizeni kosa langu. Nilikuwa na siku za Ramadhani ambazo sikufunga, zile ambazo sisi wanawake tunaziacha tukiwa katika hedhi, na nilitaka kuzilipa zote kabla ya kusafiri. Ramadhani nyumba nzima imefunga, kila mtu anamwangalia mwenzake. Siku za kulipa unafunga peke yako, na hata waliomo nyumbani wanasahau. Otieno ni Mkristo, hakujua, na sikumwambia kwa sababu angenifukuza chumbani. Nikajiona mjanja: nitapanda alasiri, magharibi ikiingia nashuka na kufuturu. Baada ya siku kadhaa za hivyo bila kudhurika, nikazidi kujiamini.

Siku yenyewe mvua ilikuwa inanyesha, madirisha tumefunga, na feni ilikuwa imekufa. Jasho lilimwagika mpaka chini pakawa dimbwi. Baadaye likakata. Ngozi ikawa kavu, ya baridi, na mimi nikadhani nimepata nguvu mpya. Nilipopita lile bomba la kijijini ulimi ulikuwa umeganda kwenye kaakaa. Niliyatazama yale maji nikaendelea kukanyaga. Otieno alikuwa mlangoni akiniambia maumivu ni mazuri, nisukume. Kwenye ukungu mapaja yakakakamaa yote mawili, ikabidi anishushe kama mzigo.

Nilifuturu, nikameza vidonge vya maumivu, nikalala. Nilipoamka kula daku, mapaja yalikuwa yamevimba, magumu kama kuni, hata kuchuchumaa siwezi. Nikakojoa kidogo tu, na mkojo ulikuwa kama chai ya rangi iliyochemka mno. Nikamwaga maji upesi. Nikameza vidonge vingine, na kwa kiburi changu nikafunga tena. Kikuubo nilikaa kwenye kiti siku nzima, nikitapika kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya meza. Jirani yangu wa duka akasema ni malaria, nikakubali, maana malaria ni ugonjwa ninaoujua. Otieno aliponipigia simu nilimwambia miguu inauma. Mkojo sikuutaja. Nimwambie vipi mwanaume wa watu habari za mkojo wangu?

Asubuhi iliyofuata mkojo ulikuwa mweusi, matone tu, na bombani hakukuwa na maji. Siku hiyo maji yalikuwa yamekatwa Bukoto nzima, na jerikeni letu lilikuwa tupu. Niliufunika ule uchafu kwa kifuniko cha choo nikatoka. Haboba akaingia baada yangu.

Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika ukuta.

"Ule mkojo ni wako?" aliniuliza.

Nikajifunika uso kwa kanga.

"Babu yako alikojoa hivyo kambini. Hakuifikia Ijumaa."

Babu alikuwa askari. Nyumbani tuliambiwa tu kwamba alifariki kwa homa. Siku hiyo ndipo niliposikia kwamba naye alificha, kwa kuwa hakutaka wenzake waseme amedeka. Haboba aliyasema hayo huku anafunga kilemba chake. Akashuka ngazi mwenyewe kwenda kutafuta gari la kukodi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alilibonyeza paja langu, kidole hakikuzama. Akauliza nimeifanya nini miguu hii. Nikamwambia nimepanda mlima. Mlima gani? Nikamwambia wa Ufaransa. Akamtazama Haboba, akaandika kwamba nimechanganyikiwa, na Haboba, bambi, maskini wa watu, akamweleza kwamba ni kweli, tena niliupanda Naguru. Hapo ndiyo kabisa akaamini tumechanganyikiwa wote wawili.

Kipimo cha damu kiliporudi hakucheka mtu. Alinieleza kwamba misuli ya mapaja imekufa, takataka zake zimeingia kwenye damu na kuziba figo, na kwamba bila maji mwilini figo hazikuwa na namna ya kuzisafisha. Vile vidonge navyo vimeziumiza zaidi.

"Nitapona?" nilimuuliza.

"Figo zikiamka, utapona."

Hakusema kwamba zitaamka.

Hazikuamka siku hiyo wala zilizofuata. Sikukojoa hata tone. Uso ulivimba mpaka macho yakafunga, pumzi yangu ikanuka mkojo, ngozi ikawasha nikaikwangua mpaka damu. Walinitia mrija shingoni wakaniunganisha na mashine ya kusafisha damu, na niliiona damu yangu ikizunguka nje ya mwili wangu. Moyo ukawa unaruka mapigo, wauguzi wakija mbio. Niliogopa, jamani. Niliogopa sana. Nikifumba macho naiona ile barabara: madirisha yamefungwa, msitu, ukungu. Ninakanyaga na picha haisogei. Nyuma yangu linakuja lile gari, taratibu, mlango wake uko wazi, na dereva simuoni. Nilimsihi Haboba asiniache nilale. Alinishika kidole gumba cha mguu akaniambia hapa nimekushika, wanaokuja kukuchukua wataanzia kwangu.

Nilikwishaacha kuuliza ni siku ngapi zimepita. Kisha asubuhi moja nikahisi kitu kinanibana chini ya kitovu. Haboba akaniwekea beseni. Yakatoka matone ya rangi ya matope. Kesho yake yakazidi. Siku ulipotoka mkojo wa njano, Haboba alilipeleka beseni dirishani, akauinamia kwenye mwanga, kisha akatembea nalo wodi nzima kwa mikono miwili akiwaonyesha wagonjwa wa watu. Hakuna aliyeziba pua. Nililia kwa furaha mpaka nikakojoa tena.

Kutembea nilianza kwa kushika ukuta. Mwenzangu alikwenda Ufaransa bila mimi. Otieno alikuja akakaa kando ya kitanda akalia, akauliza kwa nini sikumwambia nimefunga, na nikamjibu kwamba nilijua atanikataza. Figo zimerudi, lakini daktari anasema hazijawa kama zamani. Kila nikienda kupima, napanda zile ngazi za hospitali moyo mkononi.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na wale waliokata maji Bukoto asubuhi ile bila kujua walilolifanya. Ndugu yangu, utazame mkojo wako kabla hujaumwagia maji. Ukiwa kama chai ya rangi, mwambie aliye karibu, hata kama unamwonea haya. Ukifunga, usiufanyishe mwili kazi ya farasi. Mgonjwa dini imempa ruhusa, mbishi hakuna aliyempa. Na vidonge vya maumivu usimeze mwili ukiwa mkavu.

Juzi Otieno alikuja Bukoto na kompyuta yake. Nilimwomba aiweke ile barabara iende yenyewe, nimalize kuiona. Haboba akavuta kiti, hakuwahi kuiona. Tulipita mto, tukapita ng'ombe, tukaingia kijiji cha mawe. Haboba akanyoosha kidole kwenye lile bomba, akanigeukia kwa hasira ya kweli.

"Na maji yote yale," alisema, "hukusimama?"

Nilitaka kumwambia kwamba ni picha. Nikachukua glasi yangu, nikanywa.